Jaribio la Kumi na Moja

Dirisha la duka lina nondo, nyuma ya nondo nipo mimi,
na koti jeupe lenye doa la dawa ya kikohozi,
na penseli, na kifutio kilichotafunwa pembe.
Kayole imelala nusu. Nusu nyingine inakohoa.

Dakika tisini, maswali mia.
Simu nimeiegemeza kwenye kopo la vitamini,
sekunde zinashuka kama dripu.

Karatasi hizi nilizinunua Barabara ya River, nakala ya nakala,
shilingi mia tatu kwa majaribio ishirini.
Aliyekuwa nazo kabla yangu aliyafuta majibu yake,
ila alikuwa mtu wa kukandamiza penseli:
nikiinamisha ukurasa kwenye taa nayaona makovu ya herufi.
Mwanzoni nilimfuata. C, C, A, D.
Nikapata hamsini na moja.
Tangu hapo sikanyagi nyayo za mtu
ambaye sijui alifika wapi.

Chelagat, huko Rongai, hunitumia alama zake saa tano usiku,
namba tupu, bila salamu: 68.
Nami: 59.
Kesho yake: 71.
Kisha kimya, maana tunapendana na nafasi ni chache.

Mama akipiga simu huuliza,
"Miaka mitano yote hukuzimaliza hizo dawa?"
Namwambia dawa hazimaliziki.
"Basi utaisha wewe kwanza," anasema, na kunitumia mia mbili za chai.

Swali la thelathini na sita: figo, na kinachojikusanya zikichoka.
Swali la thelathini na saba:
*Mtoto ana homa. Uzito wake ni kilo kumi na mbili*

Sarafu inagonga nondo.
Mwanamke, na ndani ya leso mtoto,
moto kama mkate uliotolewa tanuri sasa hivi.
"Anaitwa Kyalo. Anachemka tangu jua kuzama."
Namuuliza uzito.
Ananitazama kama niliyemuuliza bei ya mwezi.

Kwenye karatasi hakuna anayekosa uzito.
Mtoto wa karatasi huja na kilo zake mkononi,
halii, hana mama,
na jibu lake limelala kati ya manne, likingoja kuamshwa.

Mzani wa duka uliharibika Februari;
tajiri wangu husema mwezi ujao.
Nafunga kufuli, twaenda mlango wa pili
kwa Muiruri wa bucha, anayeosha visu afunge.
Hasemi neno. Anafuta sinia ya mzani mara mbili,
mara ya tatu kwa aproni ambayo haijavaliwa,
anatandika gazeti.
Mshale unayumba. Watatu sote twashika pumzi,
wa nne analia.
Kilo kumi na moja na gramu mia mbili.

Mara kumi na tano: mia moja sitini na nane.
Mililita saba, kamili.
Hesabu haijawahi kuninyookea hivi mwezi mzima,
wala hapana A, wala "hakuna jibu sahihi hapo juu."
Namwonyesha mstari kwenye bomba la plastiki:
mpaka hapa, usipite hapa,
na alfajiri zahanati, apimwe damu,
hata homa ikishuka, mama, hata ikishuka.

Narudi. Simu imelia ikachoka.
Maswali sitini na manne hayajaguswa.
Sheria niliitunga mwenyewe: muda ukiisha, umeisha.
Nasahihisha. Thelathini na moja kwa mia.

Chelagat: 74.
Naandika 31. Nafuta.
Naandika tena 31, natuma.
Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, ananiandikia neno:
*Kulikoni?*

Ng'ambo ya ukuta Muiruri anausugua mzani kwa maji ya moto.
Nachukua kalamu, si penseli,
nalijibu la thelathini na saba, nje ya muda, bila alama,
kwa ajili ya yule wa kilo kumi na mbili asiye na jina:
mililita saba na nusu. B.

Na chini ya wino wangu, nikiinamisha ukurasa,
lipo kovu la penseli ya yule mwenzangu: B.

Sijui alifika wapi.
Hapa alifika.